Msalaba Mweupe Juu ya Seva

Hospitalini kwetu hakuna kitu kinachoanza kazi kabla hakijabarikiwa. Jokofu la chanjo lilibarikiwa. Pikipiki ya kliniki ya vijijini ilibarikiwa. Hata jiko jipya la gesi lilibarikiwa, na mimi ndiye niliyeshika bakuli la maji ya baraka Baba Paroko alipokuwa akilinyunyizia. Baada ya hapo Sista Luciana, mkuu wa hospitali, huchukua brashi ndogo na kuchora msalaba mweupe, na chini yake tarehe ya siku hiyo. Ukitaka kujua umri wa kitu chochote pale, unatazama msalaba wake.

Mimi nafanya usafi na kupika chai. Shule niliishia darasa la tano. Kusoma nasoma, ila polepole. Kinachonishinda ni kuongea mbele za watu, mpaka Marselino wa stoo akanipa jina la Bubu.

Mtu ambaye sikumwogopa ni Isdori, kijana wa Chala aliyeajiriwa kutunza kompyuta. Asubuhi nikifagia chumba cha seva yeye huwa ameshafika, amevaa koti na kofia ya sufu, anaongea na mashine zake, na nikiwepo anaongea na mimi. Ndiye aliyenieleza kwamba seva ni lile boksi jeusi linalonguruma, na kwamba mafaili ya wagonjwa wote yamo humo.

"Na kila mashine ina waranti," aliniambia. "Ikiharibika ndani ya muda wake, kampuni iliyotuuzia inatengeneza bure. Muda ukipita, ni juu yako. Sasa nani anakumbuka muda wa mashine zote hizi?"

Hakuna aliyekumbuka. Betri kubwa za akiba zilikufa waranti yake ikiwa imetoka tu kuisha, na masika yote yale umeme ukikatika seva nayo inazima, manesi wanabaki wanatazamana. Ndipo Isdori akatengeneza programu. Kila asubuhi programu yenyewe inapitia tarehe za mashine zote, waranti na mikataba ya matengenezo, na ikiona muda wa kitu unakaribia kuisha inatuma meseji kwake na kwa Sista.

"Ni kama kadi ya kliniki ya mtoto," alisema. "Tofauti ni kwamba hii haingoji mama aifungue."

Tulizunguka pamoja kukusanya tarehe. Mimi nilimmulika kwa tochi ya simu yangu ndogo ya vitufe, kiswaswadu, yeye akawa anainama nyuma ya mashine, anasoma chini ya msalaba, anaandika kwenye kompyuta.

Baridi ya Julai ilipofika, asubuhi moja nilikuta taa ya rangi ya chungwa inawaka kwenye seva. Nilimwita. Aliitazama, akapiga mluzi.

"Ndani kuna diski mbili, zinabeba kitu kilekile. Moja imekufa. Ya pili nayo ikifa kabla hatujapata mpya, mafaili yamekwenda. Nakala niliyonayo pembeni ni ya zamani."

"Mpya inatoka wapi?"

"Kampuni inaleta. Waranti ni mpaka Novemba, ingekuwa karibu kuisha programu ingeshapiga kelele. Gari la Kasanga linanisubiri, kuna kompyuta ya kufunga zahanati ya kule. Nikirudi naomba."

Akaondoka. Mimi nikabaki na ile taa. Nilimfikiria bibi yangu Rhoda, anayekuja kliniki ya sukari. Zamani za mafaili ya karatasi, faili lake lilikuwa linapotea kila mara. Anaanza upya kueleza ugonjwa wake kwa Kifipa, kwa nesi aliyetoka mbali asiyekijua, mpaka analia kwa hasira. Siku hizi anataja jina tu, nesi anasoma, bibi anatikisa kichwa kama malkia.

Kesho yake saa nne nilipeleka chai ofisini kwa Sista. Marselino alikuwepo, wanabishana juu ya mashine mpya ya kufulia. Ilikuwa stoo kwenye boksi lake, inamngoja Baba Paroko arudi kutoka Matai.

"Sista, na hii itakaa kama ile seva?" Marselino alisema. "Ile niliipokea wakati wa baridi kama huu, ikakaa kwangu mpaka Sikukuu ya Watakatifu Wote, Novemba. Panya walishaanza kulipa kodi."

"Baba Paroko alikuwa anaumwa. Ulitaka niibariki mimi?"

Wakacheka. Mimi nilikuwa namimina chai, mkono ukasimama hewani. Nilikumbuka kadi ya kliniki. Sikuwa na uhakika. Inawezekana wenye kampuni nao wana taratibu zao. Nilitaka nitoke, nimngoje Isdori. Lakini taa ile ilikuwa inaniwakia kichwani.

"Sista," nikasema. "Mtoto... kliniki wanaanza kumhesabia siku aliyozaliwa, au siku aliyobatizwa?"

Marselino akaweka kikombe chini. "Heh! Bubu kasema! Na swali lenyewe sasa! Sista, huyu ana mimba."

Uso ulinichoma. Nilishika birika kwa mikono miwili.

"Si mimi," nikasema. "Ni seva."

Sista hakucheka. Alinitazama, akautazama mlango wa chumba cha seva ng'ambo ya korido, akamtazama Marselino. "Isdori alichukua tarehe wapi?"

"Kwenye msalaba," nikajibu.

Simu ya Isdori haikupatikana. Sista akaipigia kampuni Dar es Salaam, akaweka spika. Kijana wa huko alitafuta, tukasikia anabonyeza bonyeza.

"Sista, waranti tunahesabu tangu siku mlipopokea mzigo. Yenu inaisha kesho. Nitumieni leo picha ya hiyo taa pamoja na namba ya mashine, nifungue ombi. Kesho kutwa siwezi kuwasaidia."

Tulikwenda wote watatu. Marselino alipiga picha ya taa, kisha akazunguka nyuma kutafuta namba. Akainuka, akatutazama.

"Sista, karatasi ya namba ipo. Ila msalaba umechorwa juu yake."

Hakuna aliyegusa. Marselino alianza kujikuna kisogo. Sista alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Coleta, nenda wodini. Niletee spiriti na pamba."

Nilikimbia. Niliporudi alipiga magoti nyuma ya seva, akafanya ishara ya msalaba, akaanza kusugua yeye mwenyewe, taratibu, kama anasafisha kidonda. "Baraka iliingia ndani," alisema bila kugeuka. "Hii ni rangi ya dukani."

Herufi zilianza kutokea, lakini zilikuwa ndogo, na kwenye picha zikawa ukungu mtupu. Yule kijana wa kampuni, kwenye simu, akasema basi asomewe. Miwani ya Sista haikuzifikia, na Marselino alikuwa anamulika kwa simu yake.

"Soma, binti," Sista akasema.

Nililala kifudifudi kwenye sakafu niliyoipiga deki asubuhi. Nikasoma herufi moja, nikapumua, nikasoma nyingine. Niliona aibu kwa polepole yangu.

"Hivyohivyo, dada," kijana akasema kwenye simu. "Usiharakishe. Watu wananitajia mbiombio, nakosea."

Kabla ya jioni meseji iliingia kwa Sista: ombi limepokelewa, diski inatumwa.

Isdori alirudi na furushi la samaki wa migebuka na vumbi mpaka kwenye kope. Tulipomsimulia alikaa juu ya ndoo yangu, ameshika kichwa, halafu akaangua kicheko. "Nimewabatiza wote bila kuuliza walizaliwa lini!" Siku hiyohiyo alikwenda stoo na Marselino kutafuta siku kila mashine ilipopokelewa, akasahihisha programu. Sista alikubali, kwa sharti moja: tarehe ya baraka nayo ibaki humo, kwenye nafasi yake.

Diski ilikuja na basi. Isdori aliisukuma ndani, tukangoja, taa ikageuka kijani. Bibi Rhoda alipokuja kliniki alitaja jina lake tu.

"Naweka namba yako iwe ya tatu kwenye meseji," Isdori akaniambia. "Mimi naweza kuwa Kasanga, Sista yuko kanisani. Wewe upo siku zote."

"Ikiingia nifanye nini?"

"Unawapigia simu wenye kampuni."

"Mimi?"

"Soma polepole. Si wanapenda."

Meseji ya kwanza imeingia leo asubuhi, nikiwa naosha vikombe. Mkataba wa matengenezo wa betri mpya unakaribia kuisha. Nimeisoma mara mbili. Nimefuta mikono, nimetoka nje kwenye upepo ambako mtandao ni mzuri, nimebonyeza namba. Marselino alikuwa anapita na toroli, akasimama kusikiliza. Nimemwona, na sikukata.

"Haloo," nikasema. "Naitwa Coleta. Napiga kutoka Sumbawanga."