Usingizi wa Mjane

Kwa watu wa Mwamgongo, mjane halali usiku wa mwisho wa matanga. Hukaa mkekani, mgongo wima, na wanawake wa ukoo hukaa naye mpaka kuche. Asubuhi kila mmoja hutamba kwamba hakufumba jicho, na atakayeonekana na tongotongo atachekwa mwaka mzima. Marehemu Mzee Gervasi mwenyewe alikuwa mtu wa kukoroma hata ndani ya mtumbwi, na sidhani kama angemnyima mtu usingizi. Lakini nani wa kumuuliza marehemu?

Basi Koplo Diana wa dawati la jinsia alipokuja kijijini kwa boti kuandika maelezo, Leonia, mjane wa Gervasi, alisema alikuwa macho usiku kucha, amekaa mlangoni mwa chumba cha ndani. Koplo aliwaita mmoja mmoja, ila ukuta wa udongo hauzuii maneno, na Esther, wifi ya Leonia, alikuwa upande wa pili akisikia. Esther naye akasema alikuwa macho, hakuona mtu. Na wengine sita nyuma yake wakasema vile vile, wakaweka dole gumba.

Ndani ya chumba kile alikuwa amelala Happiness, binti wa Leonia, fundi cherehani wa soko la Mwanga, Kigoma mjini, miaka ishirini na sita. Siku tatu alikuwa amesonga ugali wa waombolezaji mpaka mikono ikavimba, na mama yake ndiye aliyemtuma ndani akapumzike. Kulipokucha, Happiness alimwambia mama yake kwamba Castory, mtoto wa baba yake mkubwa Yona, alimwingilia akiwa usingizini. Alipozinduka, kiganja kilikuwa kimeshamziba mdomo, na sauti ya Castory ikamwambia asimwaibishe baba yake kwenye msiba wake.

Leonia alimwamini papo hapo. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua wako wazazi ambao wangeanza kwa maswali. Yeye alimfunga kanga kiunoni, akamshika mkono, wakapanda boti ya kwanza kwenda Kigoma mjini, polisi, kisha hospitali. Daktari alijaza fomu kwamba jambo limetendeka. Nani amelitenda, fomu haikuweza kusema. Yona akatuma ujumbe kwamba mambo ya ukoo humalizwa nyumbani, na mbuzi yupo. Leonia akajibu mbuzi huyo wamle wenyewe.

Kesi ikaanza. Happiness akatoa ushahidi wake kwa saa mbili. Wakili wa Castory alimuuliza mbona hakupiga yowe, maana kwao mwanamke akivamiwa hupiga yowe na majirani hutoka na mapanga. Hakimu mwenyewe akaingilia, akasema aliyelala hawezi kuridhia wala kupiga yowe. Hilo likapita. Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi: ili aingie chumba kile, Castory angepita katikati ya wanawake wanane walioapa kwamba walikuwa macho, na hakuna aliyemwona. Yona alikuwa amewaandaa saba kati yao waje kumtetea mwanawe. Wa nane ni Leonia.

Asubuhi ya zamu yake ya kutoa ushahidi, mwendesha mashtaka alimketisha ofisini, akamsomea maelezo yake ya polisi, akashusha pumzi. Akamwambia kwamba hata Happiness aliulizwa kama mama yake alikuwa macho, naye akajibu hakuona vizuri, taa ilikuwa imezimika.

Leonia aliposikia hivyo alijua binti yake amemfichia aibu. Kwa sababu Happiness aliona. Alfajiri ile Leonia alizinduka kichwa kikiwa kimeegemea mwimo wa mlango, shingo imekufa ganzi, na begani amefunikwa kitenge cha binti yake. Mtoto ametoka kutendewa unyama, anapita mlangoni, anamkuta mama yake amelala fofofo, na la kwanza analofanya ni kumfunika asipigwe na baridi. Halafu anakwenda mahakamani na kumfunika tena. Miezi saba wameishi chumba kimoja pale Mwanga, wamekula sahani moja, na hakuna aliyelitaja. Leonia alilia pale ofisini bila kujificha, na mwendesha mashtaka akatoka nje kidogo ili amwache alie.

Kesi za namna hiyo husikilizwa kwa faragha. Chumbani walikuwa wachache tu, na Castory amekaa akitazama kucha zake. Leonia akala kiapo, akaulizwa alikuwa wapi.

"Mlangoni," akasema. "Nililala."

Hakimu akainua kalamu. Akamkumbusha kwamba kule polisi yeye alisema vingine.

"Kule nilidanganya, mheshimiwa. Nilimwahidi mtoto nitakaa mlangoni, nikalala. Niliona haya kusema mjane nimelala kwenye kesha la mume wangu."

Wakili wa Castory alisimama kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu. Akamuuliza, kumbe yeye ni mwongo? Leonia akakubali kwamba kwa hilo, ndiyo. Basi mahakama imwamini kwa nini leo?

"Leo sijipatii kitu, mwanangu," Leonia akamjibu kwa upole. "Nikitoka hapa nitachekwa kijijini mpaka nizikwe. Nani anadanganya ili achekwe?"

Wakili akakaa.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, walikuwa wamejipanga wale wanawake saba na vitenge vyao vya kutokea, Yona akiwagawia maji ya chupa. Happiness alikuwa peke yake kwenye benchi la upande wa pili. Leonia alitoka, hakwenda kwa binti yake kwanza. Alisimama mbele ya wanawake.

"Nimeiambia mahakama nililala," akasema. "Nimelisema na limeandikwa."

Yona aliguna, akasema msiba umemvuruga akili shemeji yake. Mmoja wa wanawake akaangua kicheko kidogo cha aibu, akakimeza. Leonia alivuka ukumbi, akakaa karibu na Happiness, akamshika mikono.

"Nisamehe, mwana wanje, mwanangu. Nilijua unajua."

Happiness alimlaza mama yake kichwa begani, akamwambia ulikuwa umechoka tu, mama, siku tatu, ungefanyaje. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayemtuliza mtoto, na hilo ndilo lililomuumiza Leonia kuliko lawama.

Kisha viatu vikasikika sakafuni. Esther alikuwa ameacha benchi lake, chupa ya maji bado mkononi, na Yona alimwita kwa jina mara mbili bila yeye kugeuka. Alisimama mbele yao, mwanamke mnene wa miaka sitini, dada wa marehemu.

"Wifi," akasema, "na mimi nililala. Nikaamshwa na bawaba za mlango. Nilimwona Castory anatoka chumbani, ameshika ndala zake mkononi."

Leonia alimuuliza kwa nini alinyamaza miezi yote hii.

"Ningesemaje nimeamka, na nilishasema sikulala?"

Hakuna aliyecheka. Esther alikuwa anamtazama Happiness, akingojea chochote atakachopewa, tusi au mgongo. Happiness alimtazama shangazi yake, machozi yakimshuka. Kisha akamwonyesha mlango wa mwendesha mashtaka, na alipoona miguu ya Esther haitaki kwenda, akainuka, akamshika kiwiko, akampeleka.