Kila Chenye Kutembea

Siku ya posho, ile ya sita, saa kumi na mbili ya mangaribi, Faustin, mulinzi wa bariere, alishusha muti, akafunga kamba, akakaa ku jiwe yake na kuanza kumenya kiazi ya moto. Mama moja mwenye kitunga ya maharagi alikuwa anafika. Muguu yake moja ilishapita muti. Ile muguu ikarudia nyuma yenyewe, ikajipanga karibu na ingine.

—Papa Faustin, ninaenda tu pale chini, ku ile nyumba yenye moshi.

—Ninaiona, mama. Hata moshi yenyewe italala pale mpaka siku ya kwanza.

Mama akatula kitunga chini, akaomba kiazi.

Njia ya kutoka Masisi kushuka Walikale ilikuwa nyembamba. Bantu ba ile milima njo baliichimba na majembe, mu myaka ya vita ya Bazungu, kisha balilazimishwa kuhama na kujenga pembeni yake, na njia ya zamani ya miguu ikamezwa na majani. Kamiyo mbili, zile motokari kubwa za mizigo, hazikuweza kupishana. Kisha kamiyo moja ikaanguka, na bwana administratere, mukubwa wa Masisi, akafanya sheria: siku ya kwanza, ya tatu na ya tano, kupanda, siku ya pili, ya ine na ya posho, kushuka, siku ya Mungu, njia inafungwa. Mu Kifaransa sheria ilisema vyombo vyenye magurudumu ya mupira na motere. Straton, karani mwenye kugeuza maneno mu Kiswahili, alikuwa na njaa, midi, saa ya kula, ilikuwa karibu. Akaandika: kila chenye kutembea.

Administratere akatia kashe, muhuri ya serikali. Kesho yake ilikuwa siku ya tatu. Mayi ya muto ilisimama kidogo, kisha ikapanda.

Bantu balizoea. Ku fasi ya sawa, yenye haina mulima, muntu alitembea vile anapenda, lakini fasi ya sawa iko kidogo sana mu Masisi. Maziwa ya ngombe ilishuka siku za kushuka tu. Siku zingine ngombe zilikuwa zinaangalia bantu na haya. Padri alihamisha misa kubwa ku siku ya tatu, sababu siku ya Mungu maombi ilikuwa inabakia mu paa.

Ile mangaribi ya posho njo Drocella, bibi ya Nzabandora, alianza kuumwa na tumbo ya kuzala. Nyumba yao ilikuwa juu kidogo ya bariere. Mukakalisa, jirani mwenye ngombe na mwenye kuzalisha bamama, akatia mukono ku tumbo.

—Mutoto amelala mukingamo. Huyu anaomba dispanseri.

Dispanseri ilikuwa chini, upande wa Mpofi.

Siku ya Mungu, mutoto hakutikisika. Maumivu ilikaa fasi moja, sawa mugeni mwenye kungoja chakula. Siku ya kwanza, asubui, mutoto akapanda. Drocella alimusikia chini ya mbavu, karibu na moyo.

—Ni mutoto wa heshima, alisema. Anafuata sheria.

—Atafuata baba yake, Mukakalisa akajibu. Ule anaombaka hata mbuzi ruhusa.

Drocella akacheka, na ile kucheka ikamuumiza. Nzabandora akavaa shati.

—Ninapanda Masisi. Bageuze lile neno la sheria.

—Ukipanda, leo hautashuka.

—Ninajua.

—Basi enda. Na usiongee na sauti ya mbuzi.

Mu biro, administratere alisikiliza kwa kinywa ya Straton. Aliangalia mu dirisha, pale muto ulikuwa unapanda mulima polepole, majani yenye kuelea yakikaa upande wa kuume.

—Muambie, tangu ile sheria hakuna kamiyo imeanguka.

—Anasema bibi yake anazala.

—Kila siku kuko muntu anazala. Nikifungulia mumoja, nitafungulia bote, na njia itakufa.

Mara hii Straton aligeuza neno kwa neno, bila kuacha hata moja. Inje, ku baraza, alimupa Nzabandora tumbaku.

—Neno lenyewe ni mwepesi, papa. Motokari. Nililikumbuka nyuma ya kula.

—Basi liandike.

—Kashe ilishakauka, Straton alisema. Hakumuangalia.

Siku ya pili, bariere ikafunguka. Mukakalisa na bajirani balimushusha Drocella na kipoyi, kile kitanda cha kubebea bagonjwa, lakini kamiyo za pareto zilikuwa zimepanga mustari, na kamiyo njo zinapita mbele. Balitula kipoyi pembeni. Faustin alitandika majani chini yake, ni kile tu alikuwa na ruhusa ya kufanya. Kamiyo zilipita moja moja. Mutoto akashuka mwenyewe, mbio, sawa muntu mwenye kuchelewa. Damu nayo inatembea. Ile yote iliyongoja toka posho ilishuka nyuma yake, ikapita chini ya muti, ikafuata kamiyo. Kabla ya kamiyo ya mwisho kupita, Drocella alikuwa amekufa.

Nzabandora alifika nyuma ya mavumbi yao. Mwili ulikuwa ku kipoyi, chini ya bulangeti. Drocella mwenyewe alikuwa amekaa ku jiwe ya Faustin, ananyonyesha.

—Nimekufa, alimuambia. Ninangoja kesho.

—Kesho ni kupanda.

—Njo vile, roho inapandaka. Balisemaje kule?

—Kashe imekauka.

Alitikisa kichwa, akageuzia mutoto ku ziwa ingine. Maziwa ilikuwa inashuka vizuri, sababu ilikuwa siku yake. Mwili balizika kabla ya bariere kufungwa, sababu kuingia mu kaburi ni kushuka.

Siku ya tatu, kamiyo za bure, bila mizigo, zilipanda kwanza. Kisha Drocella akasimama, akatoa mutoto.

—Muite Makuza. Omba maziwa kwa Mukakalisa, siku za kushuka, na uweke ingine ya kesho.

—Na ikiharibika?

—Itaharibika. Siku ya Mungu atalia. Utamubeba tu.

Faustin alinyanyua muti mpaka juu kabisa, sawa anavyofanyiaka bakubwa. Drocella akapita, akapanda na moshi.

Mu musimu wa mvua karatasi ya sheria ikaoza. Administratere mwingine alikuwa amefika. Straton alimuambia kwamba neno moja halikuwa sawa. Yule akauliza kama kamiyo zilikuwa zinaanguka. Straton akasema hapana. Balipiga sheria ku kibao ya chuma, na rangi isiyotoka, neno kwa neno.

Bantu ba kusimika kibao balitafutwa pembeni ya njia, na Nzabandora alikuwa mumoja wao. Ilikuwa siku ya ine, sababu kuchimba ni kushuka. Alishuka mpaka bariere, akachimba shimo murefu, akasimamisha chuma, akakanyanga bulongo na miguu yake mpaka ikakamata.

Toka pale alisikia Makuza analia mu nyumba. Nyumba ilikuwa upande wa juu. Faustin akasogea kidogo, na Nzabandora akakaa ku jiwe, akangoja kesho.