Swali la Wakili

Kabla ya kuandika mkataba wa kununua nyumba, wakili Sadiya alimuuliza Abdimajid swali moja: "Kuna mtu anaishi kwa hiyo nyumba?"

"Hakuna," akajibu, kwani alijua ukweli ungekwamisha kila kitu. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba Mama Habsa aliyeishi humo, shangazi ya huyo muuzaji, ni mgeni tu. Mgeni gani huyo wa miaka thelathini! Abdimajid mwenyewe, jirani wa mama huyo, alikuwa amelelewa kwa chai yake ya maziwa ya ngamia.

Hati ilipotoka kwa jina la Abdimajid, alienda kumwambia mama huyo, nafsi ikimsuta. Mama Habsa akammiminia kikombe, akamwombea dua ndefu.

"Mwanangu, nasikia uko na wakili mzuri," akasema. "Nipeleke kwake anitetee. Kuna mtu anataka kununua hii nyumba yangu."