Dakika Nne za Mama

Tangu saa nne asubuhi Baba alikuwa ameketi mbele ya redio kubwa, kavaa shati la kutokea, kanyoa ndevu, viatu vinang'aa. Nikamwambia, "Baba, hakuna mgeni anayekuja leo." Akanitazama, akasema, "Wewe fanya kilichokuleta." Nikanyamaza, ingawa kunyamaza si kazi yangu.

Ngoja nieleze taratibu, maana nikianza kufoka hapa hakuna atakayeelewa kitu. Mama alifariki miaka miwili iliyopita. Miaka kumi na moja iliyopita alisafiri kwenda kumsaidia mke wa kaka yangu aliyekuwa amejifungua. Mama hakupenda kuandika, kalamu ilimchosha. Alikuwa na kimashine cha kusikilizia muziki, kidogo kama kiberiti, cha betri moja ndogo, kaka alimtumia, na kilikuwa na kitufe cha kurekodi. Akakibonyeza, akaongea dakika nne, akamwachia Baba mezani. Akamwambia kila kitu cha nyumba amekisema humo, asikilize.

Baba hakujua hata pa kukiwashia, na kuuliza akaona aibu. Mama aliporudi akamdanganya kwamba amesikiliza. Yakaisha hivyo. Mwezi uliopita nikakikuta kile kimashine chini ya mashuka, kwenye sanduku la Mama. Baba alipokiona akakaa kitandani, akanisimulia uongo wake, mzee wa miaka sabini na sita analia machozi ya kweli. Akasema hataki kitu kingine duniani, anataka kumsikia mke wake alisema nini.

Ubaya ni masikio. Baba alifanya kazi kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na nne, kando ya mashine zinazonguruma kutwa. Sikio la kushoto lilikufa zamani. La kulia, daktari alituambia bila kupepesa macho, "Nalo linakwenda. Hesabuni wiki, msihesabu miezi." Tulimpa hedifoni, akasema anasikia mlio tu, kama mbu. Akazivua akatoa amri: asisikilize mtu mwingine, wa kwanza ni yeye. Tukatii. Mimi kidole kiliniwasha kila nikikiona kile kidude, lakini nikatii.

Ikabaki redio kubwa, ile yenye spika mbili zinazomfika mtu kiunoni. Wakati ule Baba alikuwa bado anasikilizia taarifa ya habari pale, na mtaa mzima unaisikiliza naye, upende usipende. Tukikiunganisha kile kimashine na ile redio, Mama atasikika. Ndivyo tulivyopanga.

Ila kimashine kilikuwa na matundu mawili tu. La kompyuta lilishavunjika ndani, na fundi simu akasema akilichokonoa huenda kila kitu kikafutika. Kwa hiyo hakuna nakala. Lilibaki tundu la hedifoni, basi. Kikiungua, Mama kaungua nacho. Hilo ndilo lililoninyima usingizi wiki nzima.

Akaja Injinia. Injinia ni mume wa mdogo wangu, na jina hilo alijipa mwenyewe. Ni fundi umeme wa majumba, na kwa swichi na taa simsemi vibaya. Alishusha begi lake, akachukua zile hedifoni, akazikata kwa koleo, akamenya waya kwa meno. Kisha akainama nyuma ya redio, kwenye vibanio vyekundu na vyeusi vinavyoshika waya za spika.

"Sauti inapita hapa kwenda kwenye spika," akasema. "Na sisi tunaipachika hapa hapa. Umeme ni umeme, shemeji. Nipe hicho kidude."

Umeme siujui, lakini mimi nashona sare za shule, mwaka wa ishirini na mbili huu, na pale kwetu kiwandani hakuna anayetia mkasi kwenye kitambaa kizuri kabla hajajaribu kwenye kipande. Ukikata jora bila kujaribu, siku hiyo utaijua.

"Jaribu na kitu kingine kwanza," nikamwambia.

"Shemeji, huniamini?"

"Sikuamini."

Mdogo wangu akafyonya. Nikamgeukia. "Lete simu yako."

"Kwa nini yangu?"

"Kwa sababu mume ni wako."

Akaitoa huku amenuna. Injinia akachomeka pini kwenye simu, akawasha redio, akazungusha sauti hadi mwisho ili, alivyosema, tusihangaike. Spika zikapiga kishindo kimoja. Kioo cha simu kikawa cheusi, halafu harufu ya plastiki iliyoungua ikatujia sote puani.

"Simu yangu!" mdogo wangu akapiga yowe.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikakaa sakafuni. Kimashine kilikuwa mkononi mwangu, nimekibana hivi kwamba kona zake zimeniachia alama kiganjani.

"Makosa ya kibinadamu," Injinia akasema, jasho linamtiririka.

"Ya kibinadamu gani? Ni ya kwako! Toka nyuma ya hiyo redio!"

Nikaingia mimi na tochi. Chini ya vumbi nikaona matundu manne ya duara, mekundu mawili na meupe mawili. Maandishi yalishafutika kwa kupanguswa kila wiki. Sikugusa. Nikaenda mwenyewe kwa fundi redio, mama mmoja mwenye kibanda karibu na stendi. Nilipomweleza tulichofanya akashika kichwa.

"Mlitaka kukiua hicho kimashine," akasema. "Kwenye vibanio vya spika nguvu inatoka, hailetwi. Chukua waya huu. Pini nyembamba kwenye kimashine, nyekundu na nyeupe kwenye yale matundu. Kama ni redio ninayoijua, ya juu yanapokea, ya chini yanatoa. Ukikosea hapo hakuna kinachoungua, itakuwa kimya tu. Na sauti uianzie chini, mama, tafadhali."

Nilirudi nusu natembea nusu nakimbia, nayasema njia nzima kama mtoto aliyetumwa dukani: ya juu yanapokea, sauti chini. Nilipofika nikachomeka simu yangu kwanza, mwenyewe. Ukatoka muziki, safi kabisa. Injinia akanyoosha mkono kusaidia, nikamwambia aukalie.

Ndipo nikahamisha pini kwenye kimashine. Nikakosa tundu mara mbili. Mdogo wangu akasogea ubavuni pa Baba, akamshika bega. Nikabonyeza.

Namba zikaanza kwenda. Sekunde moja, mbili, tano. Kimya. Kumi. Kimya. Nikazungusha sauti ya redio, kikatoka kivumo tu.

"Kimefutika," mdogo wangu akasema.

"Funga mdomo wako!"

Sekunde ishirini. Nikajiambia, wewe mwanamke, umemuua mama yako mara ya pili, na safari hii hakuna wa kumsingizia. Halafu nikaona ubavuni mwa kimashine kile kigurudumu kidogo cha sauti. Kilikuwa sifuri, labda nilikizungusha nilipokibana kiganjani. Nikakisukuma kwa ukucha, na Mama akaingia chumbani.

"...na sukari iko kwenye kopo la maziwa. Kopo la sukari lina chumvi. Usije ukaniulia wageni."

Ee Mungu wangu. Sauti yake hasa, ile ya kumsemesha mtu aliyesimama mlangoni na viatu vichafu. Mdogo wangu akaangua kilio. Injinia akavua kofia. Mimi nikacheka na kulia kwa pamoja, nikageuka kumtazama Baba.

Baba alikuwa ameweka mikono magotini, anaitazama redio kwa adabu, kama mtu anayesubiri basi. Kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja.

"Waya umegoma?" akauliza.

Nikafungua sauti mpaka mwisho. Vioo vya dirisha vikatetemeka, jirani akagonga ukuta. Mama anaeleza habari za ndoo na bomba la uani, na Baba bado anasubiri.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kule kiwandani mashine zilinguruma kutwa, na wachapaji walizoea kusemezana kwa kusomana midomo. Yeye mwenyewe alituchekesha nayo tulipokuwa wadogo. Asubuhi yote tulikuwa tunaongea tukimtazama usoni, na alikuwa anatujibu.

Nikasimama mbele yake. "Tangu lini, Baba?"

Akainamisha macho. "Jumatano," akasema. "Nilidhani labda kwa spika kubwa..."

Jumatano! Siku tatu. Na mimi wiki tatu mfululizo nilikuwa nikimwambia "Jumamosi ijayo, Baba," kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa na sketi mia mbili zilikuwa zinanisubiri mezani. Jumamosi iliyopita angemsikia. Nilitaka kumpigia kelele mtu, yeyote, na wa kumpigia hakuwepo, nilikuwa mimi. Nikazima kimashine. Nikajifuta uso kwa kanga, nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya Baba magoti yetu yakagusana.

"Nitazame mdomo," nikamwambia. "Nakuletea yeye, neno kwa neno."

Nikamwambia mdogo wangu akae pale kwenye kimashine, akirudishe mwanzo, awe anawasha na kusimamisha. Mama anasema, anasimamishwa, nasema mimi. Kopo la maziwa. Chumvi. Baba akacheka, akapiga goti. Kwamba shati la buluu lina kifungo kimoja kimelegea, asilivae mpaka arudi. Kwamba asimkopeshe jirani ngazi, hairudishi. Kwamba dawa ya mgongo ipakwe na mtu mwingine, asijipinde peke yake, yeye si kijana. Nilikuwa nasema polepole, na kila mara Baba alitikisa kichwa kukubali, kama vile anaagizwa leo.

Dakika ya nne ikafika. Mama akanyamaza kidogo, tukasikia anavuta pumzi.

"Najua hii hutaisikiliza," akasema. "Hata pa kuwashia hupajui, na kuuliza huwezi, nakujua vizuri. Nikirudi utaniambia umesikia, na mimi nitasema sawa. Haya. Mlango ufunge kwa komeo."

Ikawa basi. Mdogo wangu akasimamisha kimashine, akanitazama, akatikisa kichwa: usimwambie. Hata Injinia akatazama sakafu. Na Baba ameukodolea macho mdomo wangu, anasubiri, midomo yake mwenyewe inachezacheza.

Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema amekuaga vizuri, anakupenda. Lakini ahadi ilikuwa neno kwa neno, na mimi kumeza maneno sikuwahi kujifunza. Nikasema yote, mpaka komeo.

Baba akakitazama kile kidude na waya wake.

"Alijua?"

"Alijua, Baba."

"Alijua sitasikiliza," akasema kwa sauti kubwa, ile ya mtu asiyeisikia mwenyewe, "na bado akaongea mpaka mwisho."