Bi Hurmatoy Anakwenda kwa Dada Yake

Kosa la Bi Hurmatoy lilikuwa kukataa haraka. Zilola, mke wa mwanawe, alikuwa amemletea chai asubuhi, akabaki amesimama na buli mkononi kama mtu mwenye jambo, kisha akalitoa kwa sauti ndogo.

"Mama, kuna jimu ya wanawake peke yao. Nilikuwa nauliza kama na mimi naweza kwenda. Mara mbili tu kwa wiki."

"Jimu?" Bi Hurmatoy akaweka kikombe chini. "Ua umefagia?"

"Nimefagia."

"Unga umekanda?"

"Nimekanda, Mama."

"Basi mazoezi umeshafanya."

Mumewe akacheka, mwanawe Bahrom akacheka, na yeye mwenyewe akajiona ametoa moja kali. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari hiyo, maana aliisambaza mwenyewe, mlango kwa mlango. Zilola hakucheka. Aliinama kidogo, mkono kifuani, akarudi jikoni na buli lake.

Miezi haikuwa mingi, magoti ya Bi Hurmatoy yakamgeuka. Aibu ya kwanza aliipatia kwenye matanga ya jirani. Wenzake walikaa chini, kwenye magodoro membamba kuizunguka meza fupi, kama watu wanavyokaa. Yeye akaletewa kiti. Akakaa juu yao kama hakimu, sahani ya pilau mapajani, akizungumza na vilele vya vitambaa vya kichwa. Kesho yake akaenda hospitali. Daktari, kijana asiye na maneno mengi, akamwambia ama afanye mazoezi, ama magoti yapasuliwe.

"Kazi za nyumbani si mazoezi?" akauliza.

"Ua wenu anafagia nani?"

"Mke wa mwanangu."

"Basi magoti yatakayopona ni ya kwake."

Bi Hurmatoy alirudi nyumbani amenuna. Kupasuliwa alikuwa anakuogopa kuliko kufa. Lakini aende jimu vipi, naye ndiye aliyelifanya neno hilo kichekesho cha mtaa? Akionekana na raba miguuni, kila neno alilowahi kusema ndani ya nyumba ile litageuka mzaha. Hapo tena akimwambia Zilola chumvi imezidi, nani atamsikiliza? Katika nyumba hana mali nyingine. Ana neno lake tu. Basi akaamua ataenda, na hakuna atakayejua. Nyumbani akasema dada yake aliyeko upande wa pili wa jiji la Tashkent anaumwa mgongo na anahitaji kuangaliwa. Dada mtu akapigiwa simu, akaambiwa kuanzia leo ni mgonjwa.

Kuchagua jimu kukawa kazi. Ya kwanza ilikuwa karibu na kituo cha treni, vioo kila ukuta, muziki wa kupasua masikio, vijana wenye shingo nene wananyanyua vyuma huku wanajitazama wenyewe. Kijana wa mapokezi akamuuliza, "Mama, lengo lako ni nini?"

"Nikikaa chini niweze kuinuka."

Kijana akatafuta kwenye kompyuta yake. Lengo hilo hakuliona.

Ya pili ilikuwa ya wenye nazo. Msichana mwenye kope za kubandika alimsimamisha juu ya mashine, mashine ikalia, na msichana akasoma kwa sauti ya kusikika hadi barabarani mama huyu ana mafuta kiasi gani na yamekaa wapi. Bi Hurmatoy akashuka, akamwambia, "Binti yangu, hayo hata mume wangu hajawahi kuyasema," akachukua mkoba wake, akatoka.

Ya tatu ilikuwa mbali na kwao, chini ya duka la mapazia. Unashuka ngazi, na huku unashuka unajisemea umepotea njia. Lakini mlangoni aliona viatu vya kike vimevuliwa na kupangwa vizuri, na ndani, pembeni mwa ukumbi, birika la umeme na vikombe vimefunikwa kitambaa safi. Wanawake wa rika lake walikuwa wamelala chali kwenye mikeka, miguu juu, wanabishana kuhusu bei ya vitunguu. Kwa vile viatu na vile vikombe, hakuulizia kitu kingine.

Mwalimu aliitwa Yayra, mwanamke mwembamba aliyesema "dada zangu" hata alipokuwa anawatesa. Siku za kwanza Bi Hurmatoy alikuwa anaenda kushoto wenzake wakienda kulia. Jirani yake wa mkeka, Sanobar, ambaye kwa miaka alikuwa mkata tiketi wa treni, alimshika kiuno akamgeuza.

"Dada, sisi tunakwenda huku. Wewe umepanda treni ya wapi?"

"Niache, mimi nimekuja kwa ajili ya magoti."

"Sote tumekuja kwa ajili ya magoti. Tunaobaki, tunabaki kwa ajili ya chai."

Alikuwa anasema kweli. Mazoezi yalipoisha walikaa kwenye mikeka, mkate ukamegwa, chai ikamiminwa, na umbea ukaanza. Wala hawakumjua kuwa ni mama mkwe wa mtu. Hapo alikuwa Hurmatoy tu, asiyejua kulia na kushoto, na alicheka hadi mbavu zikamuuma. Kuna siku alikuja na sufuria la supu. Zilola alimpikia "mama mkubwa mgonjwa" kwa moyo wote, naye angeimwaga wapi? Wakainywa wote, Sanobar akakomba sufuria kwa mkate, akamsifu mpishi.

Nyumbani, Zilola naye alikuwa na safari zake. Alisema anajifunza kupika keki, asubuhi mara mbili kwa wiki, na Bi Hurmatoy alimkubalia mara moja, kwani keki ni jambo la jikoni. Na keki alizorudi nazo zilikuwa nzuri, zimenyooka, maua ya sukari juu. Bi Hurmatoy aliwaonjesha majirani kwa majivuno.

Sasa, siku moja kwenye chai, Sanobar, ambaye siku nyingine huja asubuhi badala ya mchana, aliinamisha kichwa katikati ya duara, kama afanyavyo mtu mwenye kitu kipya.

"Kwenye kundi la asubuhi kuna mke wa watu, msichana mpole kweli kweli. Mama mkwe wake amemkataza jimu. Anakuja kwa kuiba, masikini, kila akisikia mlango anashtuka."

"Mama mkwe gani huyo?" Bi Hurmatoy akadakia, mdomo umejaa mkate. "Mtoto wa watu unamfungia ndani kama kuku? Wengine hawana utu kabisa!"

Wote wakamuunga mkono. Akaongeza mengine mawili matatu juu ya mama huyo, makali zaidi, akajisikia vizuri mchana kutwa.

Wiki iliyofuata ukumbi ukatakiwa kwa sherehe ya tohara ya mjukuu wa mwenye duka, mchana wote. Yayra akatangaza kwamba siku hiyo makundi yote mawili yatakutana asubuhi. Bi Hurmatoy ikambidi asubiri Zilola atoke kwanza kwenda kwenye keki zake, ndipo na yeye avae, amwachie mumewe mjukuu, akimbilie basi. Alifika kwa kuchelewa, jasho limeshaanza, akavua viatu, akasukuma mlango.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Yayra alikuwa amekaa pembeni, shali shingoni, sauti imemkauka kwa mafua. Mbele ya darasa, akiwa amewageukia wanawake wote na amefika katikati ya "inama, inuka", alisimama Zilola, na suruali ya mazoezi, na nywele zimefungwa nyuma, akihesabu kwa sauti ambayo Bi Hurmatoy hajawahi kuisikia nyumbani kwake.

Macho yao yakakutana.

Zilola ni wa mji wa Namangan, na wasichana wa huko wanafundwa wakafundika. Tangu asubuhi ya kwanza ya ndoa yake alimwamkia mama mkwe kwa kuinama, na mwili wake ulikuwa hauulizi ruhusa tena. Alipomwona Bi Hurmatoy mlangoni, mikono ikajikusanya tumboni, mgongo ukakunjika, akainama mpaka chini. Akainuka, akainama tena. Na mara ya tatu.

Darasa zima likainama pamoja naye. Si walikuwa wanamfuata? Safu kwa safu, wazee kwa vijana, mikono tumboni, wakamwinamia Bi Hurmatoy aliyesimama mlangoni na soksi zake.

"Mkono upi unakuwa juu?" mtu akauliza huko nyuma.

"Wa kulia! Tazama mbele!" akajibu Sanobar, anahema.

Bi Hurmatoy alitamani ardhi ipasuke. Angeweza kugeuka na kukimbia, lakini magoti hayakuwa bado ya kukimbia. Akajikaza, akapita pembeni ya ukuta, akasimama safu ya mwisho nyuma ya mwanamke mnene kuliko wote. Kichwani mlikuwa na neno moja tu: kwisha. Leo jioni Bahrom atajua, mzee atajua, na kufikia kesho mtaa utakuwa unakufa kwa kicheko.

Lakini aliyekuwa na hali mbaya zaidi alikuwa pale mbele. Sauti ya Zilola ilikuwa imekatika.

"Magoti juu," alisema, halafu akamwona tena. "Kama... kama hamtajali. Kwa wanaopenda."

Watu wakacheka. Yayra akampungia mkono, akanong'ona kwa koo lake bovu, "Amrisha!"

"Mikono mbele, tafadhali. Samahanini. Ambaye amechoka apumzike, ni ruhusa kabisa."

"Leo kunani?" Sanobar akalalamika. "Juzi ulitupeleka kama farasi!"

Bi Hurmatoy alinyanyua magoti. Afanyeje? Na alipokuwa anayanyanyua aliona kwamba yule mtoto anakosea hata kuhesabu, na kwamba anamwogopa yeye. Kumbe ni yeye. Mama mkwe asiye na utu, aliyemsema wiki iliyopita na mdomo umejaa mkate, alikuwa ni yeye. Kiwiliwili kiliendelea na mazoezi, lakini uso ulimwaka kwa haya.

Darasa lilipoisha alitangulia chumba cha kubadilishia nguo. Zilola akamfuata, akafunga mlango, akasimama ameinamisha kichwa.

"Mama, nisamehe. Nilikudanganya. Nilikuwa naumwa mgongo tangu nimzae mtoto, na nyumbani sina hata wa kuongea naye. Nisamehe, sitarudi tena."

"Na zile keki?"

"Nanunua dukani, pale kituo cha basi."

Bi Hurmatoy akavuta pumzi. Alimkumbuka kila jirani aliyemlisha keki hizo.

"Mama mkubwa wenu haumwi," akasema. "Anacheza na wajukuu zake, mzima kama chuma."

Zilola akainua kichwa. "Na ile supu?"

"Tuliinywa hapa. Iliwapendeza sana."

Wakatazamana. Zilola alijitahidi, akauma mdomo, akatazama dari, lakini kicheko kilimponyoka puani, na kilipomponyoka yeye, Bi Hurmatoy naye hakuweza. Wakacheka wameegemea makabati, machozi yakiwatoka, mpaka mtu akagonga mlango kuuliza kama kuna anayeumwa.

"Mama, nyumbani utasema?" Zilola akauliza alipopata pumzi.

"Wewe utasema?"

"Thubutu!"

"Basi tukanywe chai."

Ingeishia hapo kama si Sanobar. Duara lilikuwa kubwa siku hiyo, makundi mawili pamoja, na Zilola, kwa kuwa ni mdogo, alikuwa amepiga magoti anamimina chai. Sanobar akampokea kikombe, akamwuliza kwa sauti ya mkata tiketi, inayosikika mabehewa yote:

"Enhe, mwanangu! Na yule mama mkwe wako, bado amekukazia?"

Chai ikamwagika kwenye kisahani. Zilola alitazama buli, shingo imemwiva, na Bi Hurmatoy akaona wazi kwamba mtoto huyu atakaa kimya mpaka jua lizame kuliko kumtaja. Alikuwa amesalimika. Alihitaji tu kumega mkate na kuuliza bei ya vitunguu. Neno lake lingebaki zima, na angeendelea kuwa Hurmatoy wa magoti, hana kosa na mtu.

"Ameruhusu," akasema Bi Hurmatoy.

"Lini?"

"Sasa hivi."

"Umejuaje wewe?"

"Ni mimi."

Sanobar alimtazama yeye, akamtazama Zilola, akamtazama yeye tena.

"Lakini dada, si ulisema mwenyewe yule mama hana utu?"

"Nilisema."

"Na kwamba apelekwe jangwani akafuge ngamia?"

"Hilo nalo nilisema. Sanobar, hebu kunywa chai yako."

Wakalipuka. Mwanamke mnene wa safu ya mwisho alilala chali kabisa kwenye mkeka wake. Wakamcheka Bi Hurmatoy usoni, wakamcheka mgongoni, wakamwigiza alivyosimama mlangoni na soksi, na kicheko alichokuwa anakiogopa miezi yote hiyo kilipomfikia, hakikumuua. Alijisikia mwepesi, kama siku amevua koti la baridi kwa mara ya kwanza baada ya theluji. Zilola alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, anajifuta kwa mkono uliokuwa na buli.

"Lete hilo buli kabla hujatuunguza," Bi Hurmatoy akamwambia. Akalichukua, akamsogezea kikombe kitupu, akamiminia, kidogo kidogo kama wanavyomiminiwa watu wa heshima. Zilola akataka kuinuka ainame.

"Kaa," akasema Bi Hurmatoy. "Ukiinama wewe, hawa wote wataniinamia tena."