Kalooli Wakipiga Mabawa

Tak. Kimya. Kisha tena: tak, tak, kama mtu anayevunja vijiti kimoja kimoja gizani.

Akoth alifumbua macho wala hakujiuliza ni nini. Lilikuwa bawa la glaida, lililoning'inia ukutani juu ya kitanda. Baridi ya alfajiri ilikuwa inailegeza ngozi yake ya plastiki. Bwaise, mtaa wa Kampala, ni bondeni, na unyevu wa huko haubishi hodi. Huingia kwenye unga, kwenye godoro, kwenye vifua vya watoto, sembuse bawa la mbao nyepesi lililovikwa plastiki nyembamba kama ganda la kitunguu.

Akawasha mkaa kabla hakujapambazuka. Pasi ilipopata moto wa kiasi, si wa kuchoma bali wa kubembeleza, alililaza bawa mezani akaipitisha polepole, na mikunjo ikatoweka mmoja baada ya mwingine. Bintiye Aluoch, wa miaka sita, aliamka akakaa kumtazama.

"Mama, ndiyo leo?"

"Leo ni leo. Asemaye kesho ni mwongo."

Glaida haikuwa yake. Ilikuwa ya Afande Ongom, polisi mstaafu aliyeujua mchezo wa kuirusha kozini ng'ambo akarudi nao, wenzake wakirudi na viatu. Ni ndege ndogo isiyo na injini. Hufyatuliwa kwa mpira mrefu kama manati, kisha hukaa angani kwa kuokota hewa ya moto inayopanda, mwenyewe akiwa chini na rimoti mkononi. Asiyejua hewa inapanda wapi, dakika mbili tu ndege yake iko majanini. Na Afande hakujua tena. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mabawa mekundu ya glaida yake aliyaona, lakini ndege wa mbali hakuwaona.

Akoth aliwaona. Miaka miwili nyuma alikuwa anamfulia nguo tu. Siku moja alimpelekea nguo zake kwenye uwanja wa klabu ya glaida, kilimani ng'ambo ya kinamasi, akamkuta analaani hewa kama inayomdai. Mdomo ukamponyoka: "Si uwafuate wale kalooli, Afande?"

Kalooli ni wale korongo wenye vipara wa majalala ya Kampala. Sura hawana, lakini hewa wanaijua. Wakizunguka mabawa yametulia, hewa inapanda. Wakianza kupiga mabawa, hewa imekufa. Akoth akamwelekeza walipo, Afande akawafuata, glaida ikakaa juu mpaka shingo ikamuuma.

Tangu hapo Akoth akawa macho yake. Akajifunza kuvika mabawa na kuyanyoosha. Kwenye madarasa ya jioni kule Nateete akafundishwa kwa nini hewa ya moto hupanda. Akarudi nyumbani akayatazama mabati ya Bwaise yanavyowaka saa saba, na kwa mara ya kwanza akayaona yana faida. Kila alichokiona alikiandika kwenye daftari: saa, upepo, kalooli wangapi, juu ya nini.

Siku nyingine walifanya mazoezi kwa simu. Afande alikuwa kilimani, Akoth na mtoto wakiwa kwenye ukingo wa mfereji mkubwa, mahali ambapo kinamasi chote kilionekana. Simu ya Akoth ilikuwa kiziwi sikioni. Kila neno lilipita kwenye spika, watu wote wakasikia. Aluoch naye alizoea kupiga kelele, "Mzee, wako kulia!" na Afande akacheka huko aliko. Zubaida, aliyekaanga chapati hapo ukingoni, hakukosa la kusema.

"Banange! Mke wa kalooli anaita mabwana zake!"

Akoth alicheka pia. Aliyeahidiwa hacheki kwa shida. Afande alikuwa amesema: siku ya mashindano jina lako litaandikwa fomuni kando ya langu, msomaji wangu wa hewa. Na klabu ilikuwa imetangaza kwamba mshindi na msomaji wake wataajiriwa kufundisha watoto wa shule kila Jumamosi. Mwalimu Akoth. Alilifua jina hilo moyoni pamoja na nguo za watu, akalianika, akalikunja. Baba Aluoch alikuwa amevuka mpaka wa Busia kutafuta kazi, na simu yake ikavuka naye isirudi. Kwa hiyo jina hilo lilikuwa la kulisha watu wawili.

Saa mbili asubuhi gari likapiga honi. Akoth alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Afande alishuka, na upande wa pili akashuka kijana mwenye miwani myeusi, akiruka tope kama paka.

"Mama Aluoch, huyu ni Oyet, mtoto wa dada yangu. Amemaliza chuo, anakaa tu."

"Karibu," Akoth akasema, huku mkono umeshika bawa.

Afande alilitazama lile gauni, kisha akatazama mfereji. "Sasa, ile fomu. Wameandika Oyet."

"Wameandika nani?"

"Hii maneno si ya mimi. Ni ya klabu. Wanataka mtu wa vyeti, mtu wa kusimama mbele ya wazazi. Unaelewa?"

"Afande, lakini tulikuwa tumesema."

"Tulisema, ndiyo. Wewe ni mtu wa nyumbani, Mama Aluoch. Mtu wa nyumbani hakasiriki." Akanyoosha mkono. "Nipe na ile daftari, Oyet asome kwa gari."

Na akampa. Baadaye angejiuliza kwa nini mkono ulitii kabla ya moyo. Labda miaka ya kupokea na kurudisha nguo za watu humfanya mtu hivyo. Oyet alifunua kurasa, akavua miwani.

"Auntie, hapa 'kalooli wanapiga'. Wanapiga nani?"

Bawa jekundu likaingia kwenye buti, limenyooka kama kioo. Dirishani Afande akaacha chupa ya soda mkononi mwa Aluoch.

Nyumba ilimshinda kukaa. Ilipofika saa saba, miguu ilikuwa imempeleka ukingoni, mtoto kando yake na gauni la kanisani bado mwilini.

"Ki kati, Mwalimu?" Zubaida akaanza kumsalimia, kisha akaona uso wake. Akamkatia chapati, akanyamaza. Kunyamaza kwa Zubaida ndiko kulikomuuma Akoth kuliko yote.

Simu ikalia.

"Mama Aluoch! Uko wapi?" Sauti ya Afande ilijaa ukingo mzima. "Huyu kijana hajui kitu, anasoma daftari kama gazeti! Hii ndiyo mara ya mwisho ya kurusha, nikikaa juu dakika nne tu nimeshinda. Niko juu ya barabara, lakini nashuka. Niende wapi?"

Akoth akainua macho. Juu ya mabati, karibu na wachomelea vyuma, kalooli wanane walikuwa wanazunguka, mabawa yametulia, wanapanda kama moshi wa jiko lisilo na haraka. Upande wa pili, juu ya mafunjo ya kinamasi, wengine watatu walikuwa wanahangaika na mabawa yao, kila mzunguko chini kuliko uliotangulia. Glaida ikianguka humo, hakuna atakayeitoa. Katikati yao ikaelea glaida, ndogo na nyekundu, mabawa aliyoyabembeleza kwa pasi alfajiri.

"Mama Aluoch! Soda yako iko, nitaongeza! Niende wapi?"

"Kushoto, Afande," akasema. "Nenda kwenye mafunjo. Wanapanda vizuri sana."

Sauti ilitoka tamu. Aliitambua: ndiyo ile ya kumwambia Aluoch kwamba dawa si chungu. Zubaida aligeuka na mwiko mkononi, akatazama juu, akamtazama Akoth, akarudi kwenye kikaango chake.

Glaida ikainamisha bawa. Ikaanza kugeuka, polepole, kwa imani yote.

"Una hakika?" simu ikauliza.

"Miaka miwili, Afande. Nimewahi kukudanganya?"

Akahisi Aluoch anajinyoosha kiunoni pake. Mtoto alikuwa ameinua kidole, kama alivyofundishwa, akaisogelea simu na kusema kwa sauti kubwa ili mzee asikie:

"Mama, hao wa kwenye mafunjo wanapiga mabawa."