Kikombe Kilichorudi Kisafi

Kikombe kilirudi kisafi mno. Hapo ndipo shaka ilipoanza. Binti yangu, tangu nimzae, hajawahi kuosha chombo bila kusukumwa. Sasa, wiki ya sita baada ya kukatwa sehemu ya tumbo hospitalini ili apungue uzito, kila jioni aliniletea kikombe cha supu kinang'aa kama cha wageni.

"Umemaliza yote?"

"Yote, mama."

Lakini nywele zake zilibaki kwenye kitana, na akiinuka alishika ukuta. Katika daftari alilopewa na muuguzi wa hospitali aliandika: saa kumi na mbili jioni, supu. Mwandiko mzuri, wa kunyooka. Niliujua, ndio aliotumia shuleni kila alipodanganya.

Nikaanza kunusanusa. Beseni, ndoo ya taka, hamna. Siku ya tatu nikawaona sisimizi wakipanda ukuta chini ya dirisha lake, wakifuata michirizi ya supu.

"Kumbe nawapikia sisimizi?"

"Mama, unanipeleleza?"

"Nakupeleleza. Nilikubeba miezi tisa, nina haki."

Akacheka, kisha akalia. Muuguzi alikuwa amemweleza kwamba hata seli za mafuta mwilini zina saa zake: kuna wakati wa kutoa akiba, na wakati wa kuweka. Yeye akaelewa kwamba kila kinachoingia jioni kinawekwa kuwa mafuta.

"Naogopa kurudi nilivyokuwa. Kazini waliniita Gunia, mama."

Tulimpigia muuguzi. Hakufoka. "Kosa ni langu, sikueleza vizuri. Mwambie asipokula ataishiwa nguvu, hata moyo utachoka." Alikuwa ameeleza vizuri, nilikuwepo. Miaka tisa imepita, bado namshukuru kwa uongo ule.

Lakini woga hausikii simu. Jioni ile binti yangu alitazama saa ya ukutani, akakisukuma kikombe.

Kesho yake, alipokuwa akioga, nilipanda kigoda nikairudisha saa nyuma, saa tatu nzima. Jua lilikuwa linazama dirishani, likinisuta.

Akatoka. Akaitazama saa. Akatazama dirisha jekundu, halafu kigoda nilichokisahau chini ya saa. Nikajifanya nakunja nguo.

"Kumbe ndiyo kwanza saa tisa," alisema.

Akaketi, akanywa kijiko kwa kijiko, mpaka chini.

Kikombe alikiacha mezani, kichafu. Sijawahi kuosha chombo kwa furaha kama ile.